Barua Rasmi Haidai Times New Roman

Karani mpya huelekezwa hivi siku ya kwanza kazini: "Weka Times New Roman, 12." Kijana wa duka la steshenari naye hufanya hivyo bila kuulizwa ukimpelekea barua akuchapie. Imekuwa kama sheria, na anayetumia mwandiko mwingine huonekana hana adabu ya ofisi. Imani hii inawatesa wasomaji, tuiache.

Herufi hizo zilibuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuzitumia Oktoba 1932. Safu ya gazeti ni finyu, kwa hiyo Stanley Morison, aliyesimamia kazi hiyo, alitaka herufi zinazobanana. Huko zilifaa sana, ingawa gazeti lenyewe liliziacha mwaka 1972. Sisi tunazitandaza kwenye A4 nzima, mstari mmoja ukabeba herufi 90 hivi, ilhali wapangaji wa vitabu hujitahidi zisizidi 75. Jicho likifika mwisho wa mstari, likirudi linapotea.

Shangazi aliniletea barua yake ya mafao. "Nisomee mwanangu, miwani imekwisha nguvu." Miwani haikuwa na kosa. Barua ilikuwa nakala ya nakala, na ile mistari myembamba ya herufi ilikuwa imefutika kwenye fotokopi. Aya nazo zilikuwa zimenyooshwa kingo zote mbili. Kiswahili kina maneno marefu: "watakaoshindwa kuwasilisha viambatanisho" ni maneno matatu tu, nayo yanakula karibu nusu ya mstari. Kompyuta isipoyakata, hutawanya mapengo. Tarehe ya mwisho ilikuwa humo katikati ya mapengo, na shangazi alikuwa ameipita mara mbili.

Wakuu wa masjala watasema nyaraka za ofisi moja zifanane. Naam, zifanane, lakini kwa mwandiko unaosomeka. Georgia ya Matthew Carter, iliyotoka 1996, ilichorwa kwa ajili ya skrini, na siku hizi barua hufika kwenye simu kabla ya karatasi. Aya ziwe Georgia, vichwa Calibri iliyokolezwa, basi; mwandiko wa tatu ni fujo. Pambizo ziwe pana, mistari iachane kidogo, ukingo wa kulia uachwe ulivyo. Na ile YAH: ya herufi kubwa, iliyokolezwa kisha ikapigiwa mstari, ikolezwe tu.

Barua ya shangazi niliichapa upya hivyo. Aliisoma mwenyewe, polepole, mpaka kwenye jina la mkurugenzi.