UCHAMBUZI: Foleni ya malori yala bonasi ya mkulima wa majani chai

MKULIMA wa majani chai katika kaunti za Kericho na Bomet ameambiwa kwa miaka mingi kwamba siri ya bonasi nono imo vidoleni mwake. Achume majani mawili na chipukizi, asiyashindilie kikapuni, na ayafikishe kituoni yangali mabichi. Ushauri huo ni wa kweli. Hata hivyo, hauelezi yanayoyapata majani hayo baada ya karani kuyapima na kumpa mwenyewe risiti.

Tangu hapo majani huwa mikononi mwa lori. Hupakiwa kwa magunia, huzungushwa kutoka kituo hadi kituo katika barabara za udongo za Konoin, Bureti na Belgut, kisha husubiri zamu katika uwanja wa kiwanda. Ni katika safari hiyo, na hasa katika uwanja huo, ambapo sehemu ya bonasi hupotea pasipo mtu kuiba hata kilo moja.

Jani lililochumwa bado li hai. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, nalo huendelea kupumua na kutoa joto. Likitandazwa penye hewa, joto hutoweka. Likibanwa guniani chini ya magunia mengine, joto hupanda, jani hugeuka jekundu na kuanza kuchacha kabla ya wakati wake. Kiwandani majani hutandazwa juu ya vitanda virefu na kupulizwa hewa kwa saa nyingi ili yanyauke kwa kiasi kinachotakiwa kabla ya kusagwa. Jani lililokwisha kuungua guniani haliponyeki hapo, wala hakuna mtambo unaoweza kulirejeshea ubora wake.

Hasara hii ni vigumu kuiona kwa sababu mkulima huhesabiwa kilo zake kituoni, si kiwandani. Mwisho wa mwezi hupata malipo ya awali kulingana na kilo hizo, naye huridhika kwamba hakupunjwa. Gharama hujitokeza baadaye, katika mnada wa Mombasa, ambako wanunuzi huonja chai na kuipa bei kwa ubora wake. Zinahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyo tayari, hivyo magunia machache yaliyoharibika yanaweza kushusha hadhi ya chai nyingi iliyochanganywa nayo. Bonasi inapotangazwa, mkulima huona tarakimu ndogo asijue ilikopungulia.

Suala hili si dogo. Mnamo 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilalamika vikali kwamba bonasi yao ilikuwa duni mno ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki. Zipo sababu nyingi za tofauti hiyo, zikiwemo mwinuko wa ardhi, uchumaji, soko na madeni ya viwanda. Itakuwa kosa kuzitwika foleni za malori lawama yote. Lakini mkulima hawezi kubadilisha mwinuko wa ardhi yake, ilhali foleni inaweza kuondolewa.

Chukua mfano. Malori 12 yafika kiwandani kwa pamoja jioni ya msimu wa mvua. Kiwanda kina milango miwili ya kupakulia, na kila lori huchukua dakika 20. Malori mawili ya mwisho yatasubiri dakika 100 kabla ya gunia la kwanza kushushwa. Sasa malori hayo hayo yapangwe yafike mawili mawili kila baada ya dakika 20. Hakuna litakalosubiri, na kazi itamalizika saa ile ile, kwa milango ile ile na wapakuaji wale wale.

Huenda msomaji akauliza iwapo hapo foleni haikuhamishiwa tu kituoni. Jibu ni kwamba kituo kinachojua saa ya lori lake kinaweza kuwapangia wakulima saa ya kuchuma na kupima. Jani linalosubiri mtini haliharibiki. Linaloharibika ni lile la guniani. Faida nyingine ni kwamba akina mama na vijana hawatalazimika kukesha kituoni na mizigo yao, wasijue kama lori litafika saa moja au saa nne usiku.

Malori kurundikana mlangoni si tatizo la chai pekee. Februari 2024 Shirika la Posta la Marekani lilifungua kituo kikubwa cha kuchambua barua huko Palmetto, karibu na Atlanta, kwa nia ya kuharakisha kazi. Badala yake barua zilichelewa sana, huku malori yakipanga foleni nje. Jengo lilikuwa jipya, lakini uwanja haukwenda sambamba nalo. Hata hivyo, barua iliyochelewa bado husomeka. Jani la chai halina subira hiyo.

Ndiyo maana pendekezo la kununua malori zaidi, linalosikika kila msimu wa majani mengi, lapasa kutazamwa kwa uangalifu. Malori mapya yakifika saa moja na yale ya zamani, foleni itarefuka tu, na mkopo wa kuyanunua utalipwa kutokana na fedha za mkulima. Vivyo hivyo, barabara mbovu ni kizuizi cha kweli ambacho serikali za kaunti hazina budi kukishughulikia, lakini hazielezi kwa nini lori lililokwisha kuingia langoni likae bila kupakuliwa.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kiwanda kiandike saa ambayo kila lori liliondoka kituo cha mwisho, saa lilipoingia langoni, saa lilipoanza kupakuliwa na saa lilipotoka. Rekodi hiyo ya mwezi mmoja itaonyesha kama kasoro iko barabarani, mizanini, kwa wapakuaji au katika vitanda vilivyojaa. Bila rekodi, dereva atamlaumu karani, karani atamlaumu meneja, naye meneja atailaumu mvua.

Viwanda vya wakulima wadogo kama vile Litein, Kapkatet, Momul na Mogogosiek si mali ya serikali. Ni kampuni ambazo hisa zake zimo mikononi mwa wakulima, zikisimamiwa na KTDA, iliyochukua mwaka wa 2000 nafasi ya halmashauri ya serikali iliyoundwa 1964. Wakurugenzi wake huchaguliwa na wakulima hao hao.

Kwa hivyo, katika mkutano mkuu ujao wa kiwanda, mwenye hisa ana haki ya kuuliza zaidi ya kiwango cha bonasi. Aulize pia majani yake yalikaa uwanjani kwa muda gani. Mkurugenzi asiyeweza kujibu hilo hana msingi wa kumkemea mkulima kuhusu ubora wa majani.