Mposaji Ambaye Anwani Yake ni Lori

Mwishoni mwa mavuno ya vitunguu tulikuwa Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, na baada ya sala ya Alasiri tukaombwa tuketi katika kikao cha posa. Hatukuwa na nasaba na upande wowote. Wenyeji wetu walitaka tu awepo mtu wa nje, kama inavyofanyika pale ndugu wenyewe wanapochelea kutofautiana. Familia ya binti ni ya wakulima wenye majaruba machache yanayonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Mposaji ni kijana wa Kondoa, mrefu, mwenye mabega mapana, na kazi yake ni kuvuna vitunguu, kuvifungasha na kuvipakia malorini. Yeyote aliyewahi kuliona gunia la lumbesa, lile linalojazwa hadi likafungwa kilemba juu, anajua kwamba kulitia begani si kazi ya mchezo.

Dini ya kijana haikutiliwa shaka, kwani imamu alimshuhudia. Mahari pia haikuwa tatizo. Aliyezungumza kwa uzito ni baba mdogo wa binti, naye alisema kwa upole lakini bila kuficha: "Shehe, huyu mwaka huu yuko kwetu, mwaka jana alikuwa Ruaha Mbuyuni, mwaka juzi hatujui. Tumwoze mtoto wetu kwa mtu ambaye anwani yake ni lori?" Watu wakacheka. Kijana naye akatabasamu huku macho yake yakiwa kwenye mkeka, kisha akajibu: "Baba, mimi navifuata vitunguu." Jibu hilo halikumsaidia, na kikao kikaahirishwa hadi asubuhi.

Usiku ule, tukiwa barazani kwa mwenyeji wetu, tuliwasimulia jamaa habari za mtu aliye mbali sana na vitunguu, lakini ambaye maisha yake ya kazi yalifanana na ya kijana yule kuliko tulivyotarajia. Jina lake ni Ryan Harris. Alizaliwa Minneapolis, Marekani, mwaka 1985, akasilimu angali kijana wa shule, akasoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, ambacho ni cha Wakatoliki, na kisha kwa misimu 10 akala jasho lake katika futiboli ya Kimarekani.

Msomaji asiyeujua mchezo huo na atuvumilie kidogo. Kila upande una watu 11. Wenye mpira wanapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, wakishindwa wanawaachia wenzao. Anayepanga shambulio na kuurusha mpira ni mtu mmoja, na ndiye anayejulikana hata na watoto wa mitaani. Lakini mrushaji huyo hawezi kufanya lolote bila watu watano wanaojipanga mbele yake, wenye miili mikubwa, kila mmoja akikaribia kilo 140 au kuzidi. Kazi yao ni kuzuia. Wapinzani wanakuja mbio kumwangusha mrushaji, nao wanasimama katikati na kupokea kishindo. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kudaka mpira unaorushwa mbele, wala hakuna hesabu ya mabao yao, kwa kuwa hawafungi. Jina la mlinzi wa mstari huu hutajwa uwanjani zaidi pale anapokosea: akimshika mpinzani kinyume cha sheria, mwamuzi hutangaza namba yake mbele ya halaiki na timu inarudishwa nyuma yadi 10. Akifanya vizuri kwa saa tatu, hakuna anayemtaja.

Hiyo ndiyo kazi aliyoichagua Harris. Mwaka 2007 alichukuliwa na Denver Broncos, akiwa wa 70 katika orodha ya wachezaji wapya. Mwaka 2008 alianza katika mechi zote 16. Mwaka uliofuata akaumia vidole vya mguu, na tangu hapo safari zikaanza. Mwaka 2011 alikwenda Philadelphia, akafanyiwa upasuaji wa mgongo na kuachwa bila kucheza mechi ya msimu hata moja. Kisha akakaa Houston misimu miwili, 2012 na 2013, na mwaka 2014 akawa Kansas City. Katika ligi ile sehemu kubwa ya mikataba haimfungi mwajiri. Mtu anaweza kutia saini ya miaka miwili leo na kesho akaambiwa akusanye viatu vyake. Kwa hiyo mchezaji wa aina hii hupangisha nyumba bila kununua, na mkewe hujifunza kufungasha vyombo kwa haraka. Kibarua wa Mang'ola angeielewa hali hiyo bila mkalimani.

Hapo Kansas City palikuwa na Mwislamu mwingine, Husain Abdullah, ambaye pamoja na kaka yake Hamza waliacha kucheza msimu mzima wa 2012 ili waende Hija. Mwaka 2014 Husain alinyaka mpira, akafunga, akasujudu, na waamuzi wakaiadhibu timu yake. Kesho yake ligi ikakiri kwamba adhabu ile haikustahili. Habari hiyo ilienea dunia nzima, na ni haki yake. Harris, aliyekuwa kikosi kimoja naye, hakuwa na habari ya kuenea. Alikuwa akizuia.

Mwishoni mwa Mei 2015 likatokea jambo ambalo ndilo lililotufanya tumkumbuke. Mlinzi wa upande wa kushoto wa Denver aliumia goti mazoezini. Upande huo ni mgongo wa mrushaji anayetumia mkono wa kulia. Kishindo kinachotoka huko hakioni. Mrushaji wa Denver alikuwa Peyton Manning, mwenye miaka 39, ambaye mwili wake haukuweza tena kustahimili kuangushwa ovyo. Denver walimwita nani? Walimwita Harris, mtu waliyekwisha kumwacha miaka ya nyuma, ambaye kwa wakati ule hakuwa na kazi popote. Alikuja, akaanza katika mechi zote za msimu, na tarehe 7 Februari 2016 alikuwa upande wa kushoto katika fainali ya ligi, Super Bowl ya 50, Denver walipoishinda Carolina 24 kwa 10. Mechi hiyo ilikuwa ya mwisho ya Manning. Majira ya baridi yaliyofuata Harris alikuwa Pittsburgh. Alicheza mechi chache, akaumia tena, na mwaka 2017 akastaafu.

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba kila mtembezi huitwa tena. Yupo mwenzetu wa Afrika Mashariki aliyefanya kazi hiyohiyo, Rees Odhiambo, mzaliwa wa Kenya aliyehamia Marekani utotoni. Kutoka chuo cha Boise State alichukuliwa na Seattle mwaka 2016. Mwaka 2017 mlinzi wa kushoto wa timu aliumia kabla ya msimu kuanza, Odhiambo akatupwa katika nafasi hiyo ngumu angali mchanga, na baada ya mechi ya tarehe 1 Oktoba akalazwa hospitali kwa sababu ya kifua kilichopondeka. Alianza katika mechi 7. Kabla Oktoba haijaisha timu ikanunua mlinzi mwingine mwenye jina, na mwaka uliofuata ikamwacha. Je, tumhesabu kuwa mvivu? Kifua chake kinatosha kumjibia. (Tuseme pia, kwa kuwa ukurasa huu unasomwa na wazazi, kwamba hatuwapendekezei watoto wetu mchezo huu. Wastaafu wake wengi wamefika mahakamani kudai fidia ya majeraha ya kichwa.)

Mwenyeji wetu alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Basi mnataka tumwulize kijana, 'Nani amekuita tena?'" Hatukuwa tumelifikia swali hilo wenyewe, lakini alikuwa amelipata. Anayehama kwa kukimbia madeni au kwa kuacha wake njiani, na anayehama kwa kuwa kazi yenyewe inahama, wote wawili utawakuta juu ya lori moja, na vumbi lao ni la rangi moja. Kuwatenganisha kunahitaji kuwauliza waliobaki nyuma yao. Wazazi wetu wengi hawafanyi hivyo. Huuliza nyumba iko wapi, ya bati au ya nyasi, na wakijibiwa vizuri huridhika, hata kama ndani yake mna mtu ambaye majirani wanamwogopa. Nasi tumehudhuria nikaha za aina hiyo, na talaka zake pia.

Tuliwakumbusha jamaa kisa ambacho watoto wa madrasa wanakijua. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alifika Madyan akiwa mkimbizi asiye na jaruba wala mbuzi. Binti wa mzee yule alimshauri baba yake amwajiri, na sifa alizozitaja zilikuwa mbili, nguvu na uaminifu. Mahari ikawa kazi ya miaka minane, au kumi akipenda kutimiza. Hakuna aliyemwuliza anwani.

Asubuhi kikao kiliporudi, mwenyeji wetu aliliuliza swali lake. Kijana akatoa simu. Alisema kuna wakulima watatu aliowafanyia kazi kwa muda mrefu: mmoja Ruaha Mbuyuni, mmoja palepale Mang'ola ng'ambo ya mfereji, na mmoja ambaye hamwiti tena. "Huyo kwa nini?" akauliza baba mdogo. Kijana alisema kwamba aliumia mgongo msimu ule, akashindwa kumaliza mzigo, na mkulima akapata watu wengine. Alikuwa anaweza kutomtaja, na hakuna ambaye angejua.

Binti, aliyekuwa nyuma ya pazia na mama yake, alituma ujumbe kwa mdomo wa shangazi: anataka kujua kama mwanamke anaweza kwenda Ruaha Mbuyuni na kurudi na mumewe, au ni lazima abaki akingoja. Wazee walitazamana, kwa kuwa jambo hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kijana akasema vyumba vya kupanga huko vipo, na kwamba yeye hapendi kula peke yake.

Baba mdogo akaomba zile namba. Alipiga ya kwanza palepale, akaweka sauti ya simu juu ili tusikie sote. Mkulima wa Ruaha Mbuyuni aliitikia salamu, na alipotajiwa jina la kijana, kabla hajaambiwa lolote kuhusu posa, akauliza kama anaweza kufika kabla mwezi haujaisha.