Mila bila baraza: hadithi za Kiafrika zahamia Sydney

Januari mwaka 2017, katika ukumbi wa Belvoir mjini Sydney, watazamaji walimshuhudia bondia Mkongo aliyekuwa akipigana mara mbili: ulingoni Australia, na katika kumbukumbu za Kongo ya mashariki, ambako waasi waliiua familia yake na kumfanya askari angali mtoto. Mchezo huo, Prize Fighter, ni wa Future D. Fidel, mzaliwa wa Kongo aliyeishi kambini Tanzania kabla ya kupokewa Australia. Mwaka 2018 ulitoka tena, safari hii ukiwa riwaya.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akajiuliza: mila ziko wapi humu?

Swali si la bure. Riwaya zetu zilikulia katika mgongano wa kale na jipya. Achebe alifungua njia mwaka 1958, na kitabu chake kikawafikia wasomaji wa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mwaka 1965 Ngugi wa Thiong'o alimwandika Muthoni, binti wa mhubiri, anayetoroka nyumbani ili akatahiriwe na kuwa mwanamke kamili mbele ya watu wake, jeraha likamwua. Kezilahabi naye, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, alionyesha ukali wa baba ukimharibu binti badala ya kumlinda, na riwaya ikapigwa marufuku shuleni Tanzania.

Katika vitabu hivyo mila ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na wazee, ukoo na ngariba. Hata mwasi alijua anamwasi nani.

Ugenini hakuna baraza. Mila hubaki mikononi mwa mtu mmoja, mara nyingi mama, asiye na shangazi wa kumsaidia wala mzee wa kumwambia amezidisha. Maxine Beneba Clarke, aliyezaliwa Sydney kwa wazazi wenye asili ya Karibea, ameligusa hilo katika mkusanyiko wake wa mwaka 2014, Foreign Soil. Katika hadithi moja mama kijana mwenye asili ya Sudan ananunua baiskeli. Anakutana na mwanamke wa makamo kutoka kwao, naye anatazamia kukaripiwa. Kumbe baiskeli ile inamkumbusha mwenzake mwana aliyempoteza vitani. Kwa maoni yangu, kurasa hizo chache zinasema mengi kuhusu wazee wetu kuliko hotuba nyingi za sherehe za jumuiya.

Sheria nayo imeingia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya jimbo la New South Wales iliwatia watu hatiani katika kesi ya kwanza ya ukeketaji nchini Australia. Rufaa ikaitengua hukumu mwaka 2018, lakini Oktoba 2019 mahakama ya juu kabisa ya nchi iliamua kwamba hata mkato mdogo unakatazwa na sheria.  Wahusika walikuwa Mabohora, ambao ndugu zao katika dhehebu tunaishi nao Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mahakama ilikuwa na kazi ya kupima kitendo. Kwa nini mama anayempenda mwanawe ampeleke kukatwa, hilo Ngugi alilieleza nusu karne kabla, bila kumtetea mtu.

Hapa ndipo penye shaka. Soko la vitabu la nchi za Magharibi linapenda Mwafrika aliyejeruhiwa: mtoto askari, mkimbizi, manusura. Hadithi hizo ni za kweli na zinastahili kuandikwa. Lakini kijana aliyezaliwa Blacktown, ambaye vita vyake ni kuchelewa kurudi nyumbani na kumjibu baba kwa Kiingereza, naye angependa kujiona kitabuni.

Tena kuna suala la lugha. Fidel na Clarke wameandika kwa Kiingereza. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilichapishwa mwaka 1994, naye akapata Nobeli mwaka 2021. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Ikiwa Mzanzibari mwenye sifa hizo alisubiri miaka 28, bibi aliyeko Bukavu atasubiri mingapi kusoma alichoandika mjukuu wake wa Australia?