Waranti Hiyo ni ya Nani?

Mwezi huu tuongelee muziki wa sebuleni. Sisemi redio ya taarifa ya habari, nasema amplifaya ya maana na spika zake, mali ya mamilioni, ambayo wengi wetu tunaimudu ikiwa imeshatumika.

Muuzaji atakwambia, "Bosi wangu, hii ina waranti ya miaka mitano, bado mitatu." Usichangamke haraka. Waranti nyingi za vifaa hivi humlinda mnunuzi wa kwanza tu, tena aliyenunua kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda. Ni kama cheti cha ndoa: kukishika mkononi hakukufanyi wewe kuwa mume!

Halafu nyingi zinaishia kwenye nchi ambako kifaa kiliuzwa. Amplifaya iliyotengenezewa soko la Japani hutumia volti 100, umeme wetu Bongo ni 230. Ukiichomeka hivi hivi ikaungua, usitegemee kiwanda kikulipe.

Wapo wenye roho nzuri. Bryston ya Kanada inasifika kwa waranti ya miaka 20 kwenye vifaa vyake vya analogi, na waranti hiyo inakifuata kifaa hata kikibadilisha mwenyewe. Ila vya dijitali havipati miaka hiyo 20, kwa hiyo hata hapo soma karatasi.

Ushauri wangu? Kabla hujatoa hata shilingi, omba risiti ya kwanza. Chukua namba iliyo mgongoni mwa kifaa, mwandikie wakala barua pepe na umuulize: mimi mnunuzi wa pili, mtanitambua? Jibu lake litunze. Namba ikiwa imekwanguliwa, aga uondoke.

Na kama waranti haihamishiki, si lazima ukimbie. Zungumza bei kama ya kitu kisicho na waranti kabisa, na mtafute fundi wako mapema.

Lakini kubwa zaidi, mwambie mwenzio ukweli: "Mpenzi, hiki kikifa, gharama ni yetu." Bei ya kununulia mtaibishana jioni moja, yataisha. Bili ya fundi inayokuja miezi mitatu baadaye, wakati uliapa kwamba waranti ipo, ndiyo inayolaza watu mzungu wa nne. Hapo hata muziki ukipona, nani atataka kucheza na wewe?