Kukosa kulipa mkopo kwaweza kuivunja kinga ya bima

MKENYA anayetia sahihi mkataba wa mkopo aghalabu hukatwa ada kadhaa hata kabla ya pesa kuingia katika akaunti yake. Miongoni mwazo ni ada ya bima ya mkopo, ambayo wengi huilipa bila kuuliza swali. Huamini kwamba wakifariki, wakipata ulemavu wa kudumu au, katika baadhi ya mikataba, wakifutwa kazi, deni litashughulikiwa na kampuni ya bima na jamaa zao hawatasumbuliwa.

Imani hiyo ina msingi, ila ina mipaka ambayo wakopaji wachache huifahamu. Mkopaji anapoanza kukosa kulipa awamu za kila mwezi, kinga aliyoilipia nayo huanza kupungua, na katika mikataba mingine hukatika kabisa. Kwa bahati mbaya, huu ndio wakati anapoihitaji zaidi.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni namna ada ya bima inavyolipwa. Zipo bima ambazo ada yake hulipwa mara moja mkopo unapotolewa. Zipo nyingine ambazo ada hulipwa kila mwezi pamoja na awamu ya mkopo, au kila mwaka.

Palipo na malipo ya kila mwezi, awamu iliyokosa kulipwa huenda na ada ya bima. Kampuni nyingi hutoa muhula wa neema, ambao mara nyingi ni siku 30. Muhula huo ukipita bila malipo, bima hukoma. Sheria ya Bima, Sura ya 487, nayo ni kali katika suala hili: kifungu cha 156 hakiruhusu kampuni ya bima kubeba hatari kabla ya kupokea ada yake. Familia haiwezi kudai fidia kwa kifo kilichotokea baada ya bima kukatika, hata kama marehemu alikuwa amelipa ada kwa miaka miwili mfululizo.

Aliyelipa ada yote kwa mkupuo yuko salama kidogo, lakini naye ana pengo lake. Mikataba mingi hulipa salio linalopaswa kuwa limebaki kwa mujibu wa ratiba ya mkopo, wala si deni lote lililorundikana. Malimbikizo, riba yake na faini za kuchelewa huachwa nje.

Chukua mfano wa mwalimu aliyekopa Sh720,000 za kulipwa kwa miezi 36, huku akipunguza Sh20,000 za deni la msingi kila mwezi. Kufikia mwezi wa 12, ratiba inaonyesha kwamba salio lafaa kuwa Sh480,000. Iwapo alikosa kulipa awamu nne, salio halisi ni Sh560,000, kando na riba na faini. Akiaga dunia wakati huo, kampuni ya bima yaweza kulipa Sh480,000 pekee. Sh80,000 zinazobaki, pamoja na nyongeza zake, huwa ni mzigo wa mali aliyoiacha.

Mzigo huo si mdogo. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, madeni ya marehemu hulipwa kabla ya warithi kugawiwa chochote. Iwapo mkopo ulitoka kwa chama cha akiba na mikopo, wadhamini ndio watakaobishiwa mlango.

Hali ni ngumu zaidi katika bima ya kupoteza kazi. Aina hii kwa kawaida hulipa awamu za miezi michache tu, na huwa na muda wa kungoja kabla ya malipo kuanza. Anayejiuzulu au kustaafu mapema kwa hiari hana dai. Isitoshe, mkataba waweza kusema kwamba mkopo uwe haudaiwi malimbikizo siku kazi ilipopotea. Aliyekaa miezi mitatu bila mshahara huku kampuni yake ikiyumba, kisha akafutwa, hujikuta amepoteza sifa ya kulipwa kabla ya barua ya kufutwa kumfikia.

Fauka ya hayo, mkopo usiolipwa kwa zaidi ya siku 90 huhesabiwa na benki kuwa mkopo mbovu, kwa mujibu wa kanuni za Benki Kuu ya Kenya (CBK). Kuanzia hapo mazungumzo huwa ni ya kuuza dhamana na kupeleka jina la mdaiwa kwa mashirika ya CRB. Ni nadra mtu kukumbuka kuuliza iwapo bima ingali hai.

Kuna pia wanaoadhibiwa kwa makosa yasiyo yao. Watumishi wengi wa umma hulipa mikopo kwa kukatwa mshahara moja kwa moja. Mwajiri anapokata pesa hizo na kuchelewa kuziwasilisha, jambo ambalo wafanyakazi wa baadhi ya kaunti wamelilalamikia mara kwa mara, rekodi za benki huonyesha kwamba mfanyakazi ndiye hajalipa. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo hairuhusu makato yazidi thuluthi mbili za mshahara. Makato ya lazima yanapoongezeka, kama vile ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75 ulioanza Oktoba 2024, nafasi ya makato ya mkopo hubanwa.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuomba mkopo upangwe upya. Machi 2020, janga la corona lilipobisha hodi, CBK iliruhusu mikopo ya kibinafsi irefushwe kwa hadi mwaka mmoja, mradi ilikuwa ikilipwa ipasavyo kufikia Machi 2 mwaka huo. Kurefusha mkopo huleta nafuu, lakini hakurefushi bima kwa lazima. Mkopo uliosogezwa kutoka miezi 36 hadi 48 waweza kubaki bila kinga katika mwaka wa mwisho, iwapo hakuna aliyelipa ada ya nyongeza.

Uingereza ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Benki za huko ziliuza bima za mikopo kwa mamilioni ya wateja, wengine wakiwa hata hawastahiki kulipwa. Benki zilishindwa mahakamani mwaka wa 2011, na kufikia wakati dirisha la malalamishi lilipofungwa na hesabu kukamilishwa baada ya Agosti 2019, zilikuwa zimerejesha zaidi ya pauni bilioni 38. Kiini cha kashfa kilikuwa kwamba mteja hakuelezwa alichokuwa akinunua.

Kenya haina kisingizio cha kurudia kosa hilo. Ibara ya 46 ya Katiba humpa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili kufaidi bidhaa aliyoilipia. Tatizo ni kwamba bima nyingi za mikopo huwa za kikundi: mwenye mkataba ni benki, na mkopaji hupewa karatasi moja tu, au asipewe chochote. Mamlaka ya Kusimamia Bima (IRA) pamoja na CBK zingefaa kuzitaka benki zimjulishe mkopaji, kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa, siku kinga yake inapokuwa hatarini, sawa na zinavyomtumia ujumbe wa kumdai.

Kwa sasa mkopaji ana jukumu la kujikinga. Na aitishe cheti cha bima na nakala ya masharti. Na aulize iwapo ada hulipwa mara moja au kila mwezi, iwapo malimbikizo yanalipiwa, na bima inakoma tarehe gani. Anayeona mwezi ujao utakuwa mgumu na aiandikie benki kabla ya kukosa awamu, na ahifadhi hati za mshahara zinazothibitisha kwamba alikatwa. Asiyeridhika na jibu la kampuni ya bima anaweza kuwasilisha malalamishi kwa IRA.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mikopo, ufa huo ni awamu moja iliyokosa kulipwa, na ukuta mara nyingi hujengwa na mjane, watoto na wadhamini.