Mtihani wa redio ufike Kalemie kabla ya maafa mengine

Nilipomwambia mama kwamba jioni ninasomea lisansi, alishangaa. "Si ulishamaliza chuo kikuu, mwanangu? Lisansi gani tena?" Hapa kwetu neno hilo ni la diploma ya chuo kikuu, na mimi ya uandishi wa habari ninayo, imetundikwa ukutani. Ilibidi nimweleze kwamba hii ni nyingine. Ni leseni ya amateri wa redio, yaani ruhusa ya serikali ya kuwa na mtambo nyumbani, kutuma sauti na kupokea, kwa kujifunza na kusaidia, bila malipo na bila biashara. Alifikiri kidogo, akasema: "Kumbe ni kama foni ya mapadri."

Hakukosea sana. Watu wa umri wake wanaikumbuka foni vizuri. Kabla simu za mkononi hazijafika, misheni, hospitali na wafanyabiashara walikuwa na mtambo, betri ya gari na waya mrefu uliofungwa juu ya miti. Mtu alienda kwa saa iliyopangwa, akasubiri zamu, kisha akapaza sauti huku foleni nzima ikisikia habari zake za ndoa na za madeni. Simu zilipokuja, wengi tuliiacha foni na wala hatukuuliza siku mtandao ukianguka tutafanya nini.

Ninasema wazi: ujuzi ule bado tunauhitaji katika jimbo la Tanganyika. Njia halali ya kuurudisha ni kuwafundisha vijana wetu na kuwapa mtihani wa amateri wa redio hapa hapa Kalemie, si kuwaambia wapande ndege hadi Kinshasa.

Tuangalie tulikopita. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la nguvu ya 6,8 lilitikisa ziwa karibu na mji wetu, nyumba zikaanguka na watu wakafa. Mwezi Desemba 2014, meli Mutambala ilizama ziwani baada ya kuondoka Kalemie kuelekea Uvira, na zaidi ya watu 120 wakapoteza maisha. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi yakaingia majumbani na barabarani. Tena, baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa muda wa siku 20 hivi. Sisemi kwamba redio ingewaokoa wote wa Mutambala. Ila katika kila tukio la namna hii, jambo la kwanza ambalo familia inaomba ni habari: yuko wapi, yuko hai, nani amemuona.

Mimi mwenyewe nilianza kusoma kwa sababu ya mdogo wangu. Alisafiri na mizigo kwa boti kwenda Moba, ambako kwa mstari ulionyooka hakufiki kilomita 150. Mashine ilizimika usiku, boti ikasukumwa na upepo hadi ufukwe usio na mtandao. Simu yake ilinyamaza hadi mchana wa kesho yake. Alirudi salama. Lakini usiku ule, mama akiwa amekaa mlangoni, nilijiuliza mimi mwandishi wa habari, mwenye simu mbili mfukoni, kwa nini sina namna hata moja ya kuuliza mtu wa upande ule.

Wengi wanadhani masomo ya redio ni ya mainjinia tu. Sivyo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, UIT, unataka kila nchi ihakikishe kwamba anayepewa leseni anajua sheria, namna ya kuzungumza hewani, misingi ya umeme na redio, usalama wake mwenyewe, na namna ya kutowasumbua wengine katika mawimbi. Alama za Morse, ambazo ziliwaogopesha wengi, si lazima tena kimataifa tangu mkutano wa mwaka 2003. Kila nchi inajiamulia. Nchini Marekani mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35, na anayepata 26 anafaulu. Maswali yote yanachapishwa mbele, kila mtu anaweza kuyasoma. Mwanafunzi wa sekondari anayefanya bidii anaweza kuupita.

Nitoe mfano wa kile ninachokisoma. Ukitaka kujua urefu wa wimbi kwa mita, gawa 300 kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 7,1 unapata mita 42 na kidogo. Antena rahisi ni nusu ya wimbi hilo, yaani waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati, mita 10 upande huu na 10 upande ule. Waya wa namna hiyo unapatikana sokoni kwetu. Ukiufunga chini kidogo, kati ya miembe miwili, sauti inapanda karibu moja kwa moja hadi tabaka la juu la anga, kisha inarudi chini na kusikika katika eneo la mamia ya kilomita. Hapo ndipo kuna Moba, Nyunzu, Manono, Kabalo na Kongolo, na hata Kigoma ng'ambo ya ziwa. Mlima hauzuii, na mnara wa simu hauhitajiki.

Umeme nao ni hesabu. Mtambo wa wati 100 unakula karibu ampea 20 za betri ya volti 12 wakati unaposema, na kidogo sana wakati unaposikiliza. Betri moja na paneli ya jua vinatosha kuendesha kituo. Kinachobaki ni adabu: kusikiliza kwanza kabla ya kusema, kujitaja kwa jina la mwito ulilopewa, ambalo kwetu Kongo kwa kawaida huanza na 9Q, na kutaja herufi moja moja pale sauti inapokuwa mbaya. Siku hizi mama anacheka akinisikia jikoni nikiandika mji wetu kwa sauti: Kilo, Alpha, Lima, Echo, Mike, India, Echo.

Mtu atauliza: na hao amateri wamewahi kusaidia nani? Mwezi Desemba 2004, mama mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikuwa visiwa vya Andaman na wenzake. Visiwa hivyo vilikuwa vimekaa miaka mingi bila ruhusa ya redio ya amateri, na serikali ya India ilikuwa imekubali muda si mrefu kabla ya hapo. Walikwenda kwa ajili ya kuzungumza na amateri wa dunia. Tarehe 26, tsunami ikapiga. Simu zikakatika, na mitambo yao ikawa njia ya kupeleka habari za walio hai kwa jamaa zao bara. Mimi ninachojifunza hapo ni hiki: ruhusa ilitolewa kabla ya maafa. Kama ingesubiri maafa, ingekuwa imechelewa.

Na tusiende mbali. Hapa Kongo, katika Haut-Uele na Bas-Uele, tangu miaka ya 2010 tume ya haki na amani ya jimbo la kikatoliki la Dungu-Doruma pamoja na shirika la Kimarekani Invisible Children waliweka mitambo ya foni vijijini ili watu wapashane habari za mashambulizi ya LRA. Ile haikuwa redio ya amateri, ilikuwa mradi wenye ruhusa yake. Lakini ilionyesha kwamba mwanakijiji akifundishwa, anaendesha mtambo vizuri, na kijiji jirani kinapata nafasi ya kukimbia.

Najua swali gumu ni la usalama. Tuko mashariki mwa Kongo. Mtu akionekana na motorola mkononi, wengine wanafikiri ni wa kundi lenye silaha, au ni mpelelezi. Baadhi ya viongozi watasema: tukiwapa vijana redio, tumewapa adui masikio. Wasiwasi huo si wa kudharau, na sisi waandishi wa habari tunajua namna shutuma ndogo inavyoweza kumgharimu mtu maisha.

Lakini tufikiri pamoja. Mwenye silaha haendi kujiandikisha kwa mtihani. Haachi jina, anwani na picha ofisini. Amateri anafanya hayo yote, tena sheria za kimataifa zinamkataza kuficha maana ya maneno yake: anasema wazi, na yeyote mwenye redio anaweza kumsikia. Kati ya nchi na nchi, haruhusiwi kupeleka ujumbe wa watu wengine isipokuwa wakati wa dharura au maafa. Huyo ndiye mtu ambaye serikali inapaswa kumtaka. Leseni inamlinda naye pia, kwa maana siku akiulizwa barabarani, ana karatasi ya kuonyesha. Bila njia ya kuipata karatasi hiyo karibu, kijana mwenye hamu anabaki na mambo mawili: kuacha, au kujificha. La pili ndilo la hatari.

Wengine wataniambia: sasa kuna Starlink, iliyopewa ruhusa nchini mwaka 2025, haya ya foni ni ya babu. Mimi siipingi Starlink. Lakini inalipiwa kila mwezi, na inategemea kampuni iliyo mbali ambayo inaweza kufungiwa au kufunga yenyewe. Waya wa mita 20 hauna abonema. Njia hizi mbili zisaidiane.

Bei ya mtambo ni kikwazo cha kweli. Mtambo wa kufika mbali unagharimu mamia ya dola, na familia nyingi za Kalemie zinahangaikia chakula cha siku. Ndiyo maana sipendekezi kila nyumba iwe na wake. Napendekeza klabu: mtambo mmoja, antena moja, leseni moja ya kituo, na wanafunzi wengi.

Basi, ninaomba mambo matatu. Kwanza, ARPTC, ambayo ndiyo mamlaka inayosimamia mawasiliano chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, ipange kikao cha mtihani wa amateri katika makao makuu ya majimbo, angalau mara moja kwa mwaka, na ichapishe maswali ya kujifunzia na gharama zote ili kila mtu azione. Pili, Chuo Kikuu cha Kalemie na shule za ufundi za jimbo wafungue klabu. Kuna kitu cha kuwavutia wanafunzi: tangu Novemba 2018 kuna satelaiti ya Qatar yenye chombo cha amateri, iliyosimama nyuzi 25,9 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu. Kwa paraboli ya televisheni na kifaa kidogo cha kupokea, mwanafunzi anaweza kusikia amateri wa Ulaya na Afrika wakizungumza. Tatu, serikali ya jimbo, huduma za usalama na ulinzi wa raia wawe na orodha ya wenye leseni, wawajue kwa majina, na wafanye nao mazoezi ya dharura. Katika sehemu yetu ya dunia, amateri wamekubaliana kukutana kwenye kilohezi 7110 wakati wa dharura. Mtu wa Kalemie awepo hapo pia.

Kwa vijana wanaosoma haya: msikimbilie kununua mtambo na kuanza kusema. Kutuma bila ruhusa ni kosa, na katika hali yetu ni kosa linaloweza kukupeleka pabaya. Anza na daftari. Jifunza volti na ampea, jifunza herufi, tafuta wazee walioendesha foni wakiwa bado wapo, uwaulize. Nilimpata mmoja, mzee aliyefanya kazi hiyo kwenye misheni miaka mingi. Alinichorea antena kwa fimbo chini ya mwembe, akanifundisha jambo ambalo kitabu hakikunionyesha: waya usifungwe kwa nguvu kwenye mti unaoyumba, uachie nafasi, la sivyo upepo wa kwanza utaukata.

Kila mwaka, kuanzia Mei, upepo wa kusini unarudi ziwani na mawimbi yanakuwa makubwa. Boti zitaendelea kwenda Moba na Uvira, kwa maana watu wanapaswa kula. Daftari langu limejaa, na wako vijana wanaoniuliza wajiandikishe wapi. Tunachosubiri ni tarehe.