Stika ikikunjana, usikimbilie dukani

Mzazi mwenzangu, juma hili nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Bunda. Mwanawe wa miaka 11 alitumia likizo nzima kutengeneza basi la maboksi: vioo vya chupa ya plastiki, matairi ya ndala, hadi keria ya mizigo juu. Baba yake anafanya kazi mbali, hurudi mara moja kwa mwezi, na basi lilikuwa la kumwonyesha yeye. Siku ya kubandika stika, jina likaingia mikunjo. Akalibandua, likatoka na ngozi ya boksi. Mtoto akalipiga basi teke. Mama anauliza: nimnunulie la dukani, yaishe?

Hapana, mama. Basi la dukani baba yake ataliangalia mara moja na kuuliza bei. Hilo lililopigwa teke linatengenezeka kwa gundi na kipande kingine cha boksi. Mtoto alifika hatua ya mwisho, na hatua hiyo ina ufundi wake ambao hakuna aliyemwonyesha.

Tuanze na boksi lenyewe. Uso wake una nyuzinyuzi, na gundi ya stika ikizishika haiachii. Kwa hiyo stika isikutane na boksi tupu. Wenye rangi ya mafuta inayong'aa wapake mikono miwili, wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili. Mpeni siku nzima. Asiye na rangi avute selotepu pana juu ya sehemu ya kubandika, bila kuacha mikunjo. Hapo stika inakaa juu ya uso laini, na ikikosewa inabanduka bila kuchuna kitu. Kisha futeni vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, mkaushe. Kiangazi, barabara inapotimua vumbi, fanyieni kazi hii ndani. Mikono nayo inawe, maana mafuta ya chapati hayapatani na gundi.

Sasa siri ya mafundi wanaobandika stika kwenye mabasi na bodaboda: wanabandika juu ya maji. Chukueni nusu lita ya maji, tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo, basi. Sabuni ikizidi gundi haishiki. Lowesheni uso uliopakwa rangi au selotepu, wekeni stika ya plastiki juu yake, na mtaona inateleza. Mtoto anaisogeza mpaka ikae sawa na mstari wa dirisha. Ikishakaa, asukume maji kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu. Ile ya plastiki inayokuja na laini ya simu inafaa sana. Aende polepole, upande mmoja kisha mwingine. Akianzia pembeni atafungia hewa katikati, na hapo ndipo viputo vinapozaliwa. Kikibaki kimoja, kitobolewe ukingoni kwa pini iliyolazwa, hewa isukumwe kuelekea kwenye tundu.

Stika za karatasi hazitaki maji. Iliyochapwa steshenari kwa wino wa maji itachuruzika yote, mtoto alie upya. Hiyo, na mistari mirefu ya ubavuni, ibandikwe kavu: bandueni karatasi ya nyuma sentimita mbili tu, shikizeni ncha, kisha mtoto avute karatasi huku kadi ikifuata nyuma. Anayebandua yote kwa pamoja atapambana na mstari unaojishika wenyewe kama utepe wa nzi.

Pua ya basi imeviringika, na stika bapa haikubali kuviringika pande mbili kwa mara moja. Ikateni vimkato vidogo pembeni, au ya plastiki iwekeni juani dakika chache ilainike, kisha ikandamizwe kwa kidole gumba.

Ukubwa nao huharibu kazi nzuri. Basi la abiria lina urefu wa karibu mita 12. La boksi likiwa na sentimita 30, kila mita imekuwa sentimita mbili na nusu. Mtoto wa Butiama anayetengeneza meli ya MV Butiama, yenye jina la kijiji cha kwao, akiipunguza mara 200, herufi ya mita moja inabaki milimita 5. Asihangaike kukata herufi moja moja kwa wembe. Achape jina zima juu ya kipande chenye rangi ya ubavu wa meli. Na wembe ushike wewe.

Wapo waliotumiwa na ndugu wa ughaibuni ndege au magari ya plastiki ya kuunganisha, ya Airfix au Tamiya. Stika zake ni za kuloweka, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kata moja, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu dakika, itoe, ngoja iachie yenyewe. Isibanduliwe kwa kucha. Iteleze kutoka kwenye karatasi kwa brashi yenye maji, kisha ikandamizwe kwa pamba. Chini yake rangi iwe ya kung'aa, la sivyo hewa hubaki na kuonekana kama ukungu wa fedha. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, tumieni ya mvua.

Akina baba, nawajua. Mnaanza kwa "lete nikuonyeshe", saa nzima baadaye mtoto anatazama mgongo wenu. Shika tochi, shika chombo cha maji, mwache abandike yeye. Jina likipinda kidogo, mabasi mangapi ya Musoma–Mwanza yana jina lililopinda, na yanajaza abiria kila siku?

Stika za kujifunzia hazihitaji hela. Mafundi wa stika jirani na stendi hubaki na vipande. Mtoto aende mwenyewe, aanze na shikamoo, aombe. Vya kwanza viwili avibandike kwenye chupa tupu, kisha arudi kwenye basi. Likikamilika lilale ndani hadi asubuhi bila kuguswa, maji yaliyobaki chini ya stika yakauke.